Niuze kiwanja cha marehemu baba nimsomeshe mdogo wangu?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Mbagala. Naendesha bajaji ya mtu, hesabu elfu ishirini kwa siku, Jumapili naendesha kwa ajili yangu. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Jina langu naomba lisitoke, maana dalali utakayemsikia humu ndani ni wa mtaani kwetu na hapitwi na kitu.

Baba yetu alifariki mwaka 2022. Alituacha watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kike ambaye sasa ana miaka 18. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu anayokaa mama, na kiwanja Chanika, hatua ishirini kwa ishirini, alichokinunua mwaka 2011. Hati hakina, ila tuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mama ameiweka kwenye bahasha chini ya godoro tangu msiba.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata daraja la tatu, pointi 23. Kiswahili B, Historia, Jiografia na Baiolojia C, Kemia na Fizikia D, Hesabu ndiyo hivyo tena. Serikali imempangia kidato cha tano, mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), shule ya bweni mkoani Rukwa. Amekataa katakata. Anasema, "Kaka, mimi siendi Rukwa kusoma historia, mimi nataka kutibu watu." Anataka klinikal medisini, yaani utabibu. Tuliomba vyuo vya serikali awamu ya kwanza, akakosa.

Sasa amepata nafasi kwenye chuo binafsi upande wa Tabata. Ni chuo kidogo, Shangazi. Kipo ghorofa ya pili, chini wanauza masofa. Ada ni shilingi 1,700,000 kwa mwaka, kozi ni miaka mitatu, unalipa kwa awamu nne. Nimekupigia picha fomu yao ya kujiunga, utaiona.

Dalali ameleta mteja wa kiwanja, milioni sita na laki tano, taslimu. Mimi nimepiga hesabu: ada ya miaka mitatu ni milioni tano na laki moja. Inabaki milioni moja na laki nne, hiyo naweka kianzio nichukue bajaji ya mkataba, niachane na hesabu za watu. Akimaliza chuo anapata kazi, ananisaidia kumtunza mama, na mwanangu akianza shule kuna mtu wa kushika naye mkono. Jirani yetu mmoja ni CO, yaani tabibu, kwenye zahanati hapa Mbagala, ameniambia analipwa laki tatu na nusu. Akiingia serikalini ndiyo kabisa.

Lakini nyumbani kumewaka moto. Mke wangu anasema kiwanja kinajengwa, hakiuzwi. Tunalipa kodi elfu sitini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Anasema tungeweka hata vyumba viwili vya kuanzia tukahama. Mama hasemi kitu. Ukimuuliza anasema, "Nyinyi ndio wenye nguvu, amueni." Rafiki zangu kijiweni wanasema vyuo hivi vya ghorofani vinakula hela za maskini tu, mtaani wamejaa ma-CO wanaendesha bodaboda. Kweli mmoja namjua, tuko naye stendi.

Mimi mwenyewe nilianza chuo mwaka 2017, nikaacha mwaka wa kwanza baba alipoanza kuumwa. Sijutii. Ila huyu mtoto ndiye aliyemuuguza mzee. Alikuwa na daftari anaandika presha ya baba asubuhi na jioni, na dawa alizokunywa saa ngapi, daktari wa kliniki akawa anamuomba yeye hilo daftari badala ya kutuuliza sisi.

Swali langu ni hili: hiki chuo kitarudisha hela yetu au nitakuwa nimeuza urithi wa baba kwa ajili ya karatasi? Anatakiwa aripoti Rukwa mapema mwezi wa saba, na mteja wa kiwanja amesema hasubiri zaidi ya wiki mbili.

Kaka Mkubwa, Mbagala

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole na msiba, maana naona bado mnauishi: bahasha iko chini ya godoro na mama hasemi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la ada. Mara ya pili nikaona watu wanne wamesimama juu ya kiwanja kimoja: wewe na bajaji yako, mke wako na vyumba viwili, mdogo wako na koti jeupe, mama na ukimya wake. Mara ya tatu nikaona jambo jingine ambalo nitalisema mbele, nisije nikakuharibia mapema.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayokupa usingizi. Umezidisha ada mara tatu ukasimama hapo. Nimechukua ile picha ya fomu, nikavaa miwani, nikashuka hadi chini kabisa kwenye yale maandishi madogo. Usajili na kitambulisho 30,000. Bima ya afya 50,400. NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo hivi, 15,000. Mitihani ya wizara 150,000. Mafunzo kwa vitendo 100,000. Hiyo ni 345,400, na karibu yote inarudi kila mwaka. Chini yake kuna sare mbili, koti na stethoskopu, wameandika "mwanafunzi ajinunulie". Tuseme 180,000, mara moja.

Sasa toka kwenye fomu uingie barabarani, unakokujua kuliko mimi. Mbagala hadi Tabata ni gari mbili kwenda, gari mbili kurudi. Kwa 600 kila gari ni 2,400 kwa siku. Siku za masomo zikiwa 200 kwa mwaka, nauli peke yake ni 480,000. Chakula cha mchana, sahani ya 2,000, ni 400,000. Utasema hata nyumbani angekula. Ni kweli, lakini ugali wa nyumbani haudai noti mkononi kila siku saa saba mchana.

Jumlisha: ada, michango, nauli na chakula ni 2,925,400 kwa mwaka. Miaka mitatu, pamoja na zile sare, inakuwa 8,956,200. Karibu milioni tisa, mwanangu, wakati wewe uliandika milioni tano na laki moja. Na hapo hajapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kulipia, hajaambiwa akariri mwaka, hajapangiwa kwenda kufanya vitendo hospitali ya mbali akahitaji chumba.

Upande wa pili, ile milioni sita na nusu si yote yenu. Dalali wako akichukua asilimia kumi yake, unabaki na 5,850,000. Mwaka wa kwanza utameza milioni tatu na laki moja na ushee. Kinachobaki hakifikishi mwisho wa mwaka wa pili. Kile kianzio cha bajaji hakipo kabisa, na anaweza kukaa nje ya chumba cha mtihani kwa deni la ada huku kiwanja kimeshapigwa msingi na mtu mwingine. Sisemi hivi ili kukutisha usithubutu. Kati ya njia zote ulizo nazo, ya kuishia katikati ndiyo inayouma zaidi. Kule NACTVET ngazi za kozi hii ni ya nne, ya tano na ya sita, na kila ngazi ina cheti chake, lakini aliyeishia ya nne na aliyemaliza ya sita hawagongi mlango mmoja wa ajira. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama chuo kitarudisha hela, jiulize kama hela itamfikisha mwisho wa chuo.

Na kuirudisha je? Jirani yako analipwa laki tatu na nusu. Tuseme mdogo wako bila chuo angekuwa duka la mtu Kariakoo kwa laki na nusu. Tofauti ni laki mbili kwa mwezi. Milioni tisa ukiigawa kwa laki mbili ni miezi 45, karibu miaka minne, kama atapata kazi mwezi uleule anaomaliza na kama hatakula hata senti ya hiyo tofauti. Ukihesabu na mishahara ya dukani ambayo hataipokea akiwa darasani, milioni tano na laki nne, inakuwa miaka sita. Serikalini mambo ni mengine: tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni laki tano, kutoka 370,000, kama ilivyotangazwa Mei Mosi kule Singida. Lakini ajira za serikali huja kwa vibali na kwa mafungu, na huyo mwenzako wa stendi nadhani anaweza kukuambia ameomba mara ngapi. Mnunulie chai, muulize vizuri: alisoma wapi, alimaliza lini, kwa nini yuko barabarani. Yule wa zahanati unayemsifia na huyu wa bodaboda unayemwogopa wana cheti kimoja. Kilichowatenganisha ni nini? Mimi nikiwa wewe ningetaka kujua hilo kabla ya kumpigia dalali.

Sasa nije kwenye kiwanja. Umeandika "niuze", umeandika "hela yetu", umeandika "urithi wa baba". Hayo ni maneno matatu ya watu watatu tofauti. Baba alifariki 2022 na sijaona popote kwenye barua yako neno mirathi. Kama hamjafungua mirathi mahakamani na kuteua msimamizi, kiwanja hicho bado ni cha marehemu, na huwezi kukiuza kihalali hata kama bahasha unayo wewe. Mteja mwenye akili atakuuliza barua ya usimamizi. Asiyekuuliza ndiye wa kuogopa zaidi, maana kesho ndugu wa baba akiibuka, kesi itakukuta stendi. Kwa familia nyingi jambo hili huanzia Mahakama ya Mwanzo: muhtasari wa kikao cha familia, cheti cha kifo, maombi yanabandikwa, watu wanapewa muda wa kupinga. Halimalizwi kwa wiki mbili za dalali.

Halafu msimamizi akishapatikana, mali inagawiwa kwa warithi. Mafungu yatategemea mnafuata sheria ipi, ya dini, ya kimila au ya serikali, lakini katika hesabu yoyote ile ya haki mama ana chake na mdogo wako ana chake. Maana yake ni nini? Maana yake sehemu ya hiyo hela tayari ni ya huyo binti. Wewe umekaa usiku kucha unajiuliza kama unapaswa kumlipia, na pengine kwa fungu fulani atakuwa anajilipia mwenyewe. Siyo fungu la kutosha miaka mitatu, hapana. Lakini linabadilisha namna ya kukaa naye mezani. Na mke wako pia, kwa heshima zote, anapanga vyumba juu ya ardhi ambayo bado haijulikani ni yako kiasi gani. Ana haki ya kuchoka na kodi ya miezi sita, nami namwelewa, nimeilipa miaka mingi. Mwelezeni hivyo kwa upole, wewe na mama, asije akadhani mnamficha.

Kuhusu chuo chenyewe, sitakuambia ni kizuri wala kibaya kwa sababu kiko juu ya masofa. Udogo una faida yake. Mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina, na asipotokea siku mbili wanauliza. Rafiki zako wa kijiweni wamekisema chuo ambacho hawajapanda ngazi zake. Panda wewe. Nenda siku ya katikati ya wiki, saa nne asubuhi, bila taarifa. Mwaka juzi nilimsindikiza mtoto wa jirani kwenye chuo cha aina hiyo, sikitaji. Mapokezi walitupa soda na kipeperushi chenye picha ya maabara inayong'aa. Nikaomba kuiona. Msichana akahangaika kutafuta ufunguo kwa dakika ishirini, na mlango ulipofunguka kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa hadi darini na mwanasesere wa mazoezi amelazwa juu ya meza, bado amevaa nailoni aliyokuja nayo. Yule kijana alinitazama, nami nikamtazama. Soda tulimaliza.

Basi uliza hivi, na uliza kwa kuona kwa macho. Mwongozo wa udahili wa NACTVET huorodhesha vyuo na kozi. Angalia kama chuo kimo, na kama kozi ya utabibu yenyewe imo, kwa sababu chuo kusajiliwa ni jambo moja na kozi kuidhinishwa ni jambo jingine. Waulize wanafunzi wao hufanya vitendo hospitali gani, kisha muulize muuguzi wa hospitali hiyo kama anawaona. Tazama ubao wa matangazo: mwaka wa kwanza wana majina mangapi, na mwaka wa tatu mangapi? Kama walianza sabini na waliobaki ni kumi na tisa, wale hamsini na moja wamekwenda wapi? Kudisko (kuondolewa kwa kufeli), ada au kuhamia kwingine? Na muombe mdogo wako azungumze na mwanafunzi wa mwaka wa tatu pembeni, bila wewe, bila mtu wa ofisi. Vijana huambiana ukweli ambao sisi hatuambiwi.

Kuhusu Rukwa, naona ndani ya nyumba mmeshaifanya kama adhabu. Wewe na mdogo wako mnadhani akipanda basi la Sumbawanga, utabibu ndiyo basi tena. Si lazima iwe hivyo. Sifa za kuingia stashahada ya utabibu zinatazama matokeo ya kidato cha nne, na hayo hayaozi. Akimaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 bado atakuwa na zile D zake na C yake ya Baiolojia, na anaweza kuomba tena. Na ada ya kidato cha tano na cha sita shule za serikali ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23. Mtahangaika na godoro, tranka, sare na nauli, lakini si milioni tisa. Hatari yake nayo ipo: mtoto aliyepelekwa kwa nguvu kusoma asichokipenda anaweza kurudi na daraja la nne na hasira, na miaka miwili imekwenda.

Kuna njia nyingine ambayo hujaitaja kabisa, ya kurisiti. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea (ulizeni kwanza baraza la mitihani kama usajili wa mwaka huu bado uko wazi), akarudia Kemia na Fizikia mwezi wa kumi na moja, mwakani akaomba vyuo vya serikali akiwa na alama za kushindana na wenzake. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kiwanja. Hasara yake ni mwaka mmoja nyumbani, na mwaka mmoja wa msichana wa miaka 18 nyumbani Mbagala si kitu kidogo, unajua mwenyewe. Vilevile awamu ya kwanza siyo ya mwisho. Vyuo vikibaki na nafasi, dirisha hufunguliwa tena. Tena utabibu siyo mlango pekee wa kuvaa koti jeupe: kuna uuguzi, famasi, maabara, fiziotherapia. Je, amewahi kukaa na mtu akamweleza hizo kazi zinafananaje asubuhi hadi jioni?

Bodi ya Mikopo nayo, tangu mwaka wa masomo 2023/24, inakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini kwa kozi za vipaumbele tu, na si kila kozi ya afya imo. Someni mwongozo wa mwaka huu. Mkopo huo ukipatikana hurudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, ajue mapema. Mikopo ya kausha damu sitaki hata kuisikia katika habari hii.

Sasa lile jambo la mara ya tatu. Barua yako ina mistari mingi ya dalali, ya bajaji, ya kodi, ya jirani. Lile daftari umeliandikia mistari mitatu, tena mwishoni, kama mtu anayesema kitu akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Msichana wa miaka kumi na minne au kumi na tano aliyeandika presha ya baba yake asubuhi na jioni mpaka daktari akamwamini kuliko watu wazima, huyo si mtoto aliyeona tangazo la chuo barabarani. Hiyo haithibitishi kwamba atafaulu Kemia. Ila ukiuliza "chuo kitarudisha?", nami nakuuliza: kitarudisha nini, na kwa nani?

Umeandika kwamba akipata kazi atakusaidia kumtunza mama na kumshika mkono mwanao. Umemwambia yeye? Au ni hesabu uliyoifanya peke yako kwenye bajaji, ukisubiri abiria? Mwaka wa tano kutoka leo atakuwa na miaka 23. Anaweza kuwa ameajiriwa Kigoma, anaweza kuwa ameolewa na ana wa kwake wa kuwalea, anaweza kuwa bado anatafuta. Hatakuwa mkosefu wa shukrani kwa lolote kati ya hayo. Lakini wewe utakuwa umeuza kiwanja ukiwa na mkataba ambao yeye hakuusaini. Nimeona ndugu wengi wakinuniana misibani kwa ajili ya ada iliyolipwa miaka kumi nyuma, na aliyelipiwa hana habari kwamba anadaiwa. Kama unategemea kitu kutoka kwake, kitaje sasa, kwa kiasi na kwa muda, mbele ya mama. Kama hutegemei, basi ile hesabu ya miezi 45 haina kazi, itupe, upige nyingine.

Na umesema hujutii kuacha chuo. Sina sababu ya kukukatalia. Umefanya jambo ambalo wanaume wa rika lako wengi hawakulifanya. Nakuuliza tu, bila kutaka jibu: ukiwaza chuo kwa ajili yake, ni yeye unayemwona amekaa kwenye kile kiti, au ni wewe wa mwaka 2017? Maana kama sehemu ni wewe, kuna vyuo vya jioni, kuna VETA pale Chang'ombe, na miaka 29 si uzee. Hilo ni ombi linalojitegemea, tusilifiche ndani ya ada ya binti.

Kaeni wanne, Jumapili ambayo hutoi bajaji. Mama umuulize tofauti. Usimwambie "tuamue nini", muulize baba alipokinunua kiwanja mwaka 2011 alisema ni cha nini. Huenda alisema kitu, huenda hakusema. Wanawake wanaoficha bahasha chini ya godoro miaka yote hiyo mara nyingi wana maneno, wanasubiri mtu aulize kwa njia inayojibika. Mke wako awepo, asisikie kwa mlango wa nyuma. Na mdogo wako aje na karatasi yake mwenyewe ya hesabu, aliyoiandika yeye, nauli mpaka sare. Kama aliweza kuandika presha ya mzee kila siku, ataweza na hiyo.

Tarehe ya Rukwa ni ya kweli, hiyo mwendeeni mbio: pigeni simu shuleni muulize akichelewa kuripoti inakuwaje. Zile wiki mbili ni za dalali. Akikupigia kesho, mwambie karatasi za mirathi bado, halafu msikilize atajibu nini.